Kidole cha Mwisho

Murhula alizikagua dola zangu kwanza.
Alizinyanyua juani, mlangoni mwa kibanda chake pale Kadutu,
akitafuta mpasuko wa ukubwa wa ukope.
Noti moja akanirudishia: hii imechanika, mama.
Basi nami nikakichukua kishikwambi chake,
nikakinyanyua kwenye jua lile lile,
nikatafuta ufa.

Kishikwambi ni neno la redioni.
Nsimire, anayejifunza kushona kwangu, husema tableti,
na mama yangu akisikia hudhani nimeanza dawa.

Niliuliza kama mnunuzi wa kitambaa:
kinachuja? Kikifuliwa kinaruka? Upana wake?
Akacheka. Gigabaiti thelathini na mbili, akasema.
Nikamwambia sijui kupima kwa hizo,
nipimie kwa magauni:
mishono mingapi itaingia humo
kabla hakijasema kimeshiba?
Akajikuna kichwa. Elfu. Elfu na zaidi.
Na betri? Akaapa kwa jina la mama yake.
Mwache mama yako apumzike, nikasema,
kiwashe, nikae nacho hapa juu ya ndoo mpaka saa saba.
Nikakaa.
Mvua ikanyesha, ikaanuka,
matope yakateremka mlima na kandambili moja ya mtu,
na asilimia zikapungua kumi na moja tu.

Chaja aliyonipa ilikuwa nyepesi mno.
Niliikataa kama ninavyokataa uzi
unaokatika ukiuvuta kwa meno.
Akatoa nyingine chini ya meza, nzito,
nadhani ya kwake mwenyewe,
maana waya wake ulifungwa plasta ya hospitali.

Umeme ulirudi usiku wa manane.
Tukaamka wote, kama amefika mgeni.
Nikakigusa. Hakikunijibu.
Nikagusa tena, kwa kidole hiki
kilichoongoza nguo chini ya sindano miaka ishirini na sita,
kikatobolewa, kikapona, kikatobolewa,
hadi ngozi yake ikawa ya kisigino.
Kioo hakikunijua.
Nsimire akagusa mara moja, taratibu,
na mikono ya puto, shingo za mraba, marinda,
vyote vikampitia usoni kwa mwanga.
Akasema ipo kalamu yake, ina kichwa cha mpira, dola tano.
Dola tano ni sketi mbili za shule.
Sikulala vizuri.

Nikajaribu kidole baada ya kidole
kama mtu anayejaribu funguo
kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe.
Gumba, hapana. Cha shahada, hapana.
Cha kati kikasita, kikakataliwa.
Cha mwisho kabisa, kile kidogo,
kinachokaa pembeni nikishona,
ambacho maisha yake yote
kazi yake ilikuwa kuchokonoa sikio,
hicho kikafungua.
Nilicheka peke yangu mpaka jogoo wa jirani akanijibu.

Mfuko wake nimeshona mwenyewe.
Wa dukani ni ngozi ya uongo, unanuka mafuta ya taa.
Wangu ni kitenge cha Mama Cibalonza,
aliyeleta yadi sita, akapimwa kiuno,
akasema atarudi Jumamosi.
Jumamosi hiyo sasa ina miaka minne.
Nimetumia mabaki tu, Mungu ananiona;
gauni lenyewe bado linaning'inia nyuma ya mlango.
Ndani nimetia sponji ya mabega ya koti,
ili kikianguka, kianguke kama bwana.

Siku hizi wateja huketi, nami huwafungulia,
kidole cha mwisho kikitangulia mbele ya kaka zake.
Juzi mmoja aliniangalia kwa huruma.
Mama, kile kidole kingine kimeumia?
Hapana, nikasema, nikivuta cherehani karibu.
Kile kina kazi.